Saa Chache Mwanza: Maswali ya Wanaoshuka Melini

Wasomaji waliotuandikia mara hii si wageni wa Mwanza. Ni watu wa Bukoba, Muleba, Nansio na Sengerema wanaoipitia bandari hii mara kadhaa kwa mwaka, na kila wakishuka, akili yao iko stendi. Wanauliza namna ya kuzitumia zile saa tatu, nne au sita zilizobaki kati ya meli na gari bila kukimbizana na bila kuachwa.

Huwa natoka Bukoba kwa meli ya usiku na kushuka Mwanza asubuhi mapema. Basi langu la kwenda Shinyanga ni saa 8 mchana. Nimepita hapa miaka mingi, lakini ninachokifahamu ni geti la bandari na stendi ya Nyegezi tu. Nifanye nini na asubuhi nzima? (Mwalimu, Muleba)

Mwalimu, hesabu ianzie mwisho, kwenye basi, kisha irudi nyuma. Basi ni saa 8, kwa hiyo saa 7 uwe umefika Nyegezi. Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 10, na daladala inayopita Igogo, Mkuyuni na Butimba huchukua nusu saa njia ikiwa nyeupe, saa nzima ikiziba. Basi toka mjini saa 6. Kama meli imefunga gati saa 1 na umetoka getini saa 1:30, una saa nne na nusu mkononi. Zinatosha kabisa kwa upande mmoja wa jiji. Kwa pande mbili hazitoshi, na hapo ndipo wengi wanapoiharibu siku yao.

Sababu ni umbo la mji wenyewe. Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, na barabara kubwa zinazotoka katikati ni tatu. Makongoro inakwenda kaskazini, Kirumba hadi uwanja wa ndege. Nyerere inakwenda mashariki, Mabatini, Buzuruga na Igoma hadi Kisesa na Musoma. Kenyatta inashuka kusini, Igogo hadi Nyegezi na Buhongwa. Njia za kukatiza kutoka mkono mmoja hadi mwingine ni chache. Anayetaka kununua samaki Kirumba, kuona makumbusho ya Bujora, kisha kupanda basi Nyegezi, anajikuta akirudi katikati ya mji kila mara na kukaa kwenye foleni zake zote. Wewe asubuhi hiyo usipande gari kabisa mpaka saa 6.

Mzigo kwanza. Kama tiketi ya basi unayo tayari, ofisi nyingi za mabasi zilizoko mjini hupokea mzigo wa abiria wao. Uliza utasafirishwa hadi stendi au utaufuata mwenyewe, maana hapo ndipo watu hupishana na mabegi yao. Dai kipande chenye namba. Kitambulisho, dawa, simu, fedha na tiketi vibaki mwilini.

Kunywa chai karibu na bandari. Chai na chapati zipo tangu alfajiri, na supu ya samaki ni bora ukiiwahi asubuhi, kabla sufuria haijaongezwa maji. Halafu shika njia ya ufukweni kuelekea kusini, pita kivuko cha Kamanga, na hapo utaliona Jiwe la Bismarck limesimama majini, mwamba juu ya mwamba. Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na jiwe linawaka rangi zake zote. Jioni jua linazama nyuma yake na unabaki na kivuli cheusi kwenye maji mekundu. Kwa hiyo asubuhi ni saa ya picha, jioni ni saa ya kukaa.

Usipite mawe haya kama mtu anayepita ukuta. Ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna aliyeyapanga. Mwamba ulipasuka kwa nyufa za kusimama na za kulala ukiwa bado chini ya udongo, maji yakapenya kwenye nyufa na kulainisha kingo, pembe zikaoza kwanza kwa sababu zinashambuliwa kutoka pande tatu, ndiyo maana jiwe likabaki duara. Baadaye mvua za mamilioni ya miaka zikauosha udongo, na mawe yakabaki yamekaa pale pale yalipokuwa.

Kutoka hapo endelea, ipite stesheni ya reli mkono wa kushoto, uingie Kapripointi. Ni rasi yenye barabara ya lami, miti na kivuli, inayopanda taratibu, na ziwa linaonekana kati ya nyumba. Kuizunguka kwa mwendo wa mazungumzo, pamoja na kusimama, ni kama saa moja na nusu. Nyumba ni za watu, kwa hiyo usiingie geti lolote kwa kutafuta mandhari. Beba lita moja ya maji na kofia. Baada ya saa 4 mawe yanaanza kurudisha joto usoni, na hapo ndipo kichwa huanza kuuma.

Saa 4:30 uwe umerudi mjini na uagize sato kabla hujakaa. Sato mzima wa kukaanga kutoka mbichi, na ugali wake, ni nusu saa au zaidi, na mkahawa ukijaa inakuwa saa nzima. Mwambie mhudumu saa yako ya kuondoka wakati wa kuagiza. Kumwambia wakati umekasirika hakutamwivisha samaki.

Tiketi yangu ya kurudi Bukoba imeandikwa 21:00. Rafiki yangu alisema ni saa 9. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kamachumu)

21:00 ni saa 3 usiku. Tiketi za meli, ndege na mabasi mengi huandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Toa 12 kwanza upate 9, kisha toa 6 upate 3. Rahisi zaidi ni kumwuliza karani mbele ya dirisha: "Ni saa ngapi ya usiku, kwa Kiswahili?" na kuiandika kwa kalamu nyuma ya tiketi. Uliza pia saa ya kufunga geti, kwa sababu hiyo ndiyo saa yako halisi. Majina ya abiria huandikwa, kwa hiyo kitambulisho kiwe karibu.

Watoto wangu wawili, miaka 7 na 11, wanataka kwenda kisiwa cha Saanane. Tuna saa nne kabla ya ndege ya jioni. Inawezekana? (Mama, Bukoba)

Inawezekana, mama, na kwa watoto wa umri huo hakuna matumizi bora ya saa hizo katika mji huu. Boti za hifadhi zinaondokea Kapripointi, kwenye ofisi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kuvuka ni dakika zisizofika 15. Saanane ilianzishwa kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18 tu, na humo maji yanahesabiwa pia. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya wanyama kupelekwa.

Kinachowachelewesha watu ni malipo. Hifadhi haipokei fedha taslimu mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, kisha risiti inatolewa. Mtandao ukilala, mnasubiri. Weka fedha ya kutosha kwenye simu kabla ya kufika, beba vitambulisho vya wazazi, na tenga nusu saa kwa hatua hii peke yake. Kila mtoto avae jaketi okozi, na mikanda yake ifungwe mpaka chini. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto wa miaka 7, linamvuka kichwani akiingia majini. Omba dogo, na kama halipo msubiri boti nyingine.

Kisiwani mtaona pimbi wamejianika juu ya mawe, swala pala, na mijusi ya miamba ambayo dume lake lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi na mwili wa bluu. Mwambie mkubwa ahesabu madume: kila moja lina jiwe lake, na likitikisa kichwa juu na chini linamwambia jirani asisogee. Mamba wapo pia, kwa hiyo mtoto asishuke kwenye maji hata kidogo, hata kama ufuo unaonekana mtulivu. Chakula kibaki kwenye mfuko uliofungwa, kwa sababu nyani na tumbili wanaoishi karibu na watu wanajua mfuko ulio wazi. Viatu viwe vya kufunga na vyenye soli ya mpira. Kandambili huteleza kwenye graniti, na graniti iliyolowa ni kama sabuni.

Kabla hamjashuka kwenye boti, kubalianeni saa ya kurudi. Saa moja kisiwani inatosha kwa muda mlio nao. Kwenda uwanja wa ndege kutoka Kapripointi mnapita katikati ya mji na Kirumba, na jioni njia hiyo ni nzito, kwa hiyo tengeni saa nzima.

Shikamooni. Mimi ni bibi wa wajukuu watatu. Kwenye meli tulisafiri usiku, hawakuona ziwa. Kuna namna ya kuwapandisha chombo mchana kwa gharama ndogo? (Bibi, Kemondo)

Marahaba kwa niaba ya wajukuu, na shikamoo bibi. Nenda kivuko cha Kamanga, kiko mjini kabisa. Mtavuka hadi upande wa Sengerema na kurudi, kama nusu saa kila safari, kwa nauli ya kawaida ya abiria. Mkienda, kaeni upande wa kushoto, mtaliona Jiwe la Bismarck, Kapripointi na Saanane. Mkirudi, kaeni kulia. Uliza saa ya kivuko cha kurudi kabla ya kukata tiketi ya kwenda, msishuke mbali na gati la ng'ambo, na magari yakianza kupanda, watoto washikwe mikono. Asubuhi ni bora: ziwa limetulia. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo hugeuka na kuvuma kutoka majini, na mawimbi madogo huanza kurusha maji.

Kila nikienda kwa binti yangu Dodoma nanunua dagaa na sato Mwanza, na kila mara kuna kasoro: dagaa wana mchanga, sato wanafika wamelainika. Nina saa tano kabla ya basi. Nifanyeje? (Mama mkwe, Ukerewe)

Mama, swali lako ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na uende asubuhi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, huletwa ufukweni alfajiri na kuanikwa siku hiyo hiyo. Taa huwavuta dagaa pale usiku unapokuwa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo siku zinazozunguka mwezi mpevu utakuta dagaa wengi ni wa akiba na bei imepanda. Ukiweza kuchagua tarehe ya safari, angalia mwezi.

Mchanga unatokana na mahali walipoanikwa. Dagaa wa kuanikwa chini huokota mchanga, na hakuna kupepeta kunakouondoa wote kwa sababu unaganda kwenye ngozi wakati bado mbichi. Dagaa wa chanja, walioanikwa juu ya wavu ulioinuliwa, ni ghali zaidi, lakini unanunua dagaa watupu. Usikubali maneno, pima. Omba glasi ya maji, tia dagaa kumi, koroga, subiri dakika mbili, tazama chini. Halafu chukua wachache ukunje kiganjani: waliokauka vizuri wanakatika kwa sauti, wabichi ndani wanapinda. Wanaopinda wataota ukungu ndani ya mfuko kabla hujafika Dodoma. Rangi nayo inasema. Fedha inayong'aa ni dagaa aliyekauka haraka kwa jua la siku moja. Njano au kahawia ni dagaa aliyechelewa, mafuta yake yamechacha, na kupika hakutaondoa ule uchungu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, jua likikosekana, kuwa mkali zaidi, au punguza kiasi unachonunua.

Kipimo ni sado au debe. Kabla hajaanza kupima, kubalianeni kama sado ni ya kusawazisha au ya kujaza mpaka kilele, na tazama chini ya chombo kama hakijabonyezwa ndani. Funga kwenye kiroba kinachopumua. Mfuko wa nailoni huzuia mvuke, na dagaa hulowa wenyewe.

Sasa sato. Jicho liwe limetuna na kung'aa. Jicho lililozama au lenye ukungu mweupe ni samaki wa jana au juzi. Fungua mashavu: yawe mekundu na yenye utelezi safi. Bonyeza mgongoni kwa kidole, na alama irudi. Harufu iwe ya ziwa tu. Usinunue sato chini ya sentimita 25 wala sangara chini ya sentimita 50, hata akiuzwa kwa bei ya kuokota. Sheria inakataza, na anayekamatwa naye barabarani ni wewe, muuzaji amebaki Kirumba.

Kulainika kunatoka kwenye barafu, au tuseme kwenye maji yake. Wengi huweka samaki kwenye ndoo, wanatupia barafu juu, wanafunika. Baada ya saa nne barafu ni maji, samaki anaogelea humo, nyama inanyonya maji na kufumuka. Fanya hivi. Samaki atumbuliwe na atolewe mashavu, kwa sababu uozo huanzia matumboni na kwenye mashavu, ila magamba yabaki kwa kuwa yanalinda nyama. Aoshwe kwa maji safi, achuruzike. Tumia deli lenye kuta nene. Kwa kilo 5 za samaki tafuta kilo 5 za barafu, na usipunguze. Barafu ipondwe vipande vidogo, maana pande kubwa haligusi samaki. Tandika barafu chini, panga samaki tumbo likielekea chini ili maji yasituame ndani, weka barafu, samaki, na juu kabisa barafu. Chini uweke vijiti au kichanja ili samaki wakae juu ya maji yanayoyeyuka, na kila basi linaposimama, yamwage. Usifungue kifuniko kwa kuchungulia.

Kama hilo ni kazi kubwa, nunua sato wa kukaanga. Hapa kosa ni moja: kumfunga akiwa wa moto. Akifungwa hivyo, mvuke unageuka maji, na asubuhi yake amechacha. Muombe muuzaji akaange mpaka akauke, si mpaka apendeze tu, kisha umwache wazi saa nzima juu ya wavu, ndipo umfunge kwa karatasi ya khaki na kumweka kwenye kikapu. Kwa safari ya usiku mmoja anafika salama. Saa hiyo moja ya kusubiri ndiyo ya kununua michembe na matobolwa kwa ajili ya chai ya binti yako. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza. Mwambie asivipike kwa muda sawa.

Mgawanyo wa saa zako tano: moja kwenda Kirumba na kuzunguka bila kununua, moja ya kununua na kupima, moja ya samaki kupoa na kufungwa, na mbili za kwenda Nyegezi na mzigo. Pamoja na mzigo usipande daladala. Chukua bajaji.

Ni kweli kuingiza miguu tu ziwani kunaweza kukupa kichocho? (Msomaji, Sengerema)

Ni kweli. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji, huogelea na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Hatari ni kubwa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani, na mchana jua likiwa kali, yaani mahali na saa zile zile zinazomvutia mtu kupumzisha miguu. Kujikausha haraka kwa taulo kunapunguza kidogo, usikutegemee. Ukitaka kunawa ufukweni, tumia maji ya bomba, au ya ziwa yaliyokaa kwenye ndoo siku mbili bila konokono, au yaliyochemshwa.

Kama ulishaingia, usikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa na haiwezi vizuri ile michanga. Pima kinyesi na mkojo kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8. Homa, kuwashwa mwili au damu chooni kabla ya hapo, nenda mara moja na useme wazi kwamba uliingia ziwani, maana homa hiyo hufanana na nyingine nyingi.

Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nitashuka Mwanza asubuhi na kupanda gari la Musoma saa 10 jioni. Bujora nitaiwahi? (Kijana, Biharamulo)

Utaiwahi vizuri, mdogo wetu, kwa sababu magari ya Musoma yanatokea Nyamhongolo, na Nyamhongolo na Bujora ziko kwenye barabara moja ya Nyerere. Ungekuwa unaondokea Nyegezi tungekukataza.

Panda daladala ya Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini, kisha bodaboda fupi hadi Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, miaka ya 1950. Utakuta nyumba za mtindo wa zamani, vifaa vya waganga na wahunzi, ngoma za watemi, na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Lipa mwongozaji. Ukitembea peke yako utaona mitungi tu. Ukiwa naye, muulize juu ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana kwa ufundi, dawa na nyoka, na muulize kila chama kilimfuata mganga gani. Mwezi Juni kuna Bulabo, mashindano yenyewe, na wakati huo panga siku nzima. Salimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" mchana na jioni. Inafungua mazungumzo ambayo Kiswahili peke yake hakifungui.

Ukirudi, shuka Igoma. Hapo yapo makaburi ya waliokufa kwenye MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Wewe umefika kwa njia ile ile ya maji waliyokuwa wakisafiri wao. Ingia kwa utulivu, usipige picha za watu waliokuja kuzuru ndugu zao. Nusu saa inatosha. Saa 8:30 mchana uwe kwenye daladala ya Nyamhongolo.

Natoka Nansio asubuhi, nina saa tatu mjini kabla ya meli ya kurudi, na kila nikishuka mvua inanyesha. Niende wapi? (Dada, Ukerewe)

Makoroboi, dada, si mbali na bandari. Jina linatokana na koroboi, taa za mafuta zilizokuwa zikitengenezwa hapo kwa makopo. Sasa ni vitenge, nguo na vyombo, katikati ya miamba. Tembea ukiangalia bei bila kununua kwenye mzunguko wa kwanza. Kitenge kipime kwa mikono yako mwenyewe: doti za kiwandani zinatakiwa ziwe na urefu unaolingana na ulioandikwa kwenye lebo, na kunja pindo ulisugue kwenye kitambaa cheupe kilicholowa uone kama rangi inatoka. Mvua ikizidi, usikimbilie chini ya mwamba ulio mteremkoni, kwa sababu maji ya vilimani hushuka kwa kasi kwenye vichochoro vile. Ingia dukani. Mvua nyingi za upande huu hujengeka ziwani usiku na kumalizikia asubuhi, kwa hiyo mara nyingi kufikia saa 5 anga limefunguka.

Magoti yangu hayapandi mlima. Nataka tu kukaa, nitazame maji, ninywe kitu, mpaka meli ya usiku. Mzee anafaa wapi? (Mzee, Bukoba)

Mzee wetu, shikamoo. Ufukwe wa kati ya kivuko cha Kamanga na Kapripointi hauna ngazi nyingi, na bajaji itakushusha mlangoni. Chagua kiti kinachotazama magharibi, chenye ukuta au mti mgongoni, kwa sababu upepo wa ziwa huongezeka kuanzia saa 9 na kupoza ghafla jua likishuka. Beba sweta hata kama mchana ulitokwa jasho. Jua huzama saa 1 usiku hivi, na mwaka mzima haisogei zaidi ya nusu saa, kwa hiyo keti tangu saa 11:30. Mbu huamka wakati huo huo: suruali ndefu na soksi. Kama wadudu wadogo wa ziwani wametanda kama moshi juu ya maji, funika kikombe na ukae mbali na taa, hawaumi.

Lipa bili yako mapema na umwagize mwenye bajaji akurudie saa 1:15 usiku. Hapo hadi geti la bandari ni dakika chache, na utaingia kabla ya msukumano wa mizigo, uchague kitanda cha chini.